Nani Angoje, Mteja au Chakula?

Chakula kibaya kabisa hakinisumbui sana. Kikija kimeungua au kimechacha, unasukuma sahani pembeni, unasema lako, unaondoka, na jioni una kisa cha kuwachekesha watu nyumbani. Kinachonikaa rohoni ni kile cha katikati, ambacho huwezi kukilaani wala kukisifu. Unakila nusu kwa njaa na nusu kwa malezi, kisha unatoka nje ukihisi umedhulumiwa na hujui umlaumu nani. Na kama mgahawa wenyewe uko hatua chache kutoka unapolala, hasara inazidi mlo mmoja. Wa mbali ukikuangusha, unausahau. Wa mtaani unaupita kila asubuhi, na kila ukiupita unakumbuka ulivyotamani uwe mzuri.

Huu tulitamani sana uwe mzuri. Rafiki yangu ni mtu wa kushikamana na sehemu moja ya kula mpaka wahudumu wanawajua wanawe kwa majina, na ile aliyoizoea ilikuwa imefungwa. Alianza kuuangalia huu mpya tangu mafundi wakiwa bado wanapaka rangi. Kabla hatujaingia alikuwa ameshachagua meza yetu ya siku zote, ile ya pembeni karibu na dirisha. Tukakuta ina watu. Zote zilikuwa na watu isipokuwa moja iliyobanwa karibu na mlango wa jikoni. Yeye alinung'unika. Mimi nilifurahi kimyakimya, maana kila mlango ulipofunguka niliweza kuchungulia ndani.

Niseme mapema kwamba jiko la mgahawa sikulijua kwa kusimuliwa. Ujanani nilikuwa muosha vyombo, nikapandishwa kumenya viazi na vitunguu, mwishowe nikawa msaidizi wa mpishi kwenye jiko ambalo saa za mchana hapakuwa na nafasi ya kugeuka. Sikuwa hodari na sikudumu. Lakini kazi ile iliniachia tabia moja ambayo wanaokula nami hawaipendi: sahani ikiletwa, naikagua kabla sijaionja. Ukijua pa kutazama, sahani inakusimulia asubuhi nzima ya jiko lililoitoa.

Tatizo la mchana ni kwamba watu wote wanaona njaa kwa wakati mmoja. Usiku wateja huja wakitawanyika. Mchana wanaingia kwa mkupuo, wana haraka, na kila mmoja ana saa yake mkononi. Kwa hiyo kuna kungoja, na kungoja huko hakuondoki, kunahamishwa tu. Ama mteja angoje chakula kipikwe, ama chakula kipikwe mapema kimngoje mteja. Mpishi wetu wa zamani alikuwa akitusisitizia hilo huku anakatakata: kazi yote ya jiko la mchana ni kuamua kipi kingoje na kipi kingojwe. Ukiamua vizuri, watu hawahisi kitu, wanakula na kurudi kazini. Mchana huo tulingoja sisi, na chakula nacho kilikuwa kimengoja.

Dalili ya kwanza ilikuwa menyu. Kurasa juu ya kurasa zilizofunikwa plastiki, picha zinazong'aa, kuku wa kila namna, samaki wa kila namna, tambi, supu, mikate iliyojazwa hiki na kile. Mlango wa jikoni ukafunguka, nikaona wapishi wawili kwenye chumba kisichozidi ukubwa wa chumba cha kulala. Wapishi wawili hawawezi kuviandaa upya vyakula vyote vile wakati meza zote zimejaa, hata wawe mabingwa, kwa sababu mikono haitoshi. Kinachofanyika, na sisi tulikifanya, ni ujanja wa aina mbili. Wa kwanza ni mchuzi mmoja unaovalishwa majina sita: ukitiwa pilipili una jina hili, ukitiwa maziwa una jina lile. Huo hauna ubaya wowote. Wa pili ni kupika vitu vingi kidogokidogo asubuhi, kuviweka, na kuvipasha vinapoagizwa. Huo ndio wenye madhara, kwa sababu chakula kinachoagizwa kwa nadra ndicho kinachokaa muda mrefu kuliko vyote, na mteja anayependa kujaribu mapya ndiye anayeangukia kwacho.

Rafiki yangu anapenda kujaribu mapya. Akaagiza samaki wa kukaanga na viazi, kutoka ukurasa wa mwisho kabisa. Mimi nikaagiza kuku wa kuchoma na wali, na bakuli la mchuzi pembeni.

Muda tuliongoja haukuwa wa ajabu kwa saa ile. Kilichouharibu ni ukimya. David Maister, aliyeandika mwaka 1985 kuhusu saikolojia ya foleni, alieleza mambo ambayo mhudumu mzuri anayajua hata bila kusoma: muda wa kungoja bila la kufanya huonekana mrefu kuliko ule wenye shughuli, muda usiojulikana mwisho wake huonekana mrefu kuliko ule uliotajiwa kikomo, na usioelezwa sababu huonekana mrefu kuliko ulioelezwa. Sisi tulipata yote matatu kwa mpigo. Hayakuletwa maji. Hakuna aliyesema, "Jiko limeelemewa, naomba mtuvumilie nusu saa." Kila mhudumu alipopita tulimtazama, naye alishajifunza ule ustadi wa kutembea macho yakiwa mbali.

Wahudumu siwalaumu. Mhudumu asiyejua jiko limefika wapi hana la kumwambia mteja, kwa hiyo anamkwepa. Kwetu, kule nilikofanya kazi, kulikuwa na mtu mmoja aliyesimama kwenye dirisha la kutolea chakula. Kazi yake ilikuwa kusoma oda kwa sauti, kuhakikisha sahani za meza moja zinatoka pamoja, na kuwaambia wahudumu ukweli kuhusu muda. Wenye migahawa midogo humwona mtu huyo kuwa gharama isiyo na kazi, kwa sababu hapiki wala hahudumii meza. Mimi naona ndiye wa mwisho kuachishwa. Hata kama hamumudu kumwajiri, mmoja wenu lazima avae kofia yake kwa saa mbili za mchana.

Kwamba hapa hapakuwa na mtu huyo tulijua pale samaki alipoletwa peke yake.

"Chako kinakuja sasa hivi, kaka," dada aliyemleta akaniambia, akaondoka.

Rafiki yangu akamtazama samaki, akanitazama mimi.

"Kula," nikamwambia. "Usinisubiri."

"Nile vipi huku umenikodolea macho?"

Basi adabu ikamalizia kuviua viazi vyake. Nasema kumalizia kwa sababu vilifika tayari vina hali mbaya. Kiazi cha kukaanga hakina subira hata kidogo. Kikiwa ndani ya mafuta yenye joto la nyuzi 170 hadi 190 za Selsiasi, maji yake hugeuka mvuke na kutoka kwa nguvu, ngozi ya nje hukauka ikawa ngumu, na ile rangi ya dhahabu hutokea pale sukari na protini zinapokutana kwenye joto kali, jambo ambalo mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Ukikitoa mafutani, unyevu unaendelea kusogea kutoka ndani kwenda nje, ila sasa hauna nguvu ya kuruka hewani. Unaishia kwenye ngozi ileile iliyokauka na kuilainisha. Dakika chache zinatosha. Ukikifunika ndiyo kabisa. Vile vya rafiki yangu vilikuwa vimelegea na pia vimepauka, na kupauka kulinipa habari nyingine: karai lilijazwa kupita kiasi. Viazi vingi vya baridi vikitumbukizwa pamoja hushusha joto la mafuta, vikaiva bila kukaangika.

Kinachoudhi ni kwamba dawa yake ni ya zamani na inajulikana. Unakaanga mara mbili. Asubuhi, kwa moto wa wastani, mpaka viive ndani bila kushika rangi, kisha unavitandaza vipoe. Mchana oda ikiingia, unavirudisha kwenye mafuta makali kwa dakika mbili tatu na kuvitoa moja kwa moja hadi mezani. Kiazi kinangoja kikiwa nusu njia, ambapo kungoja hakukidhuru, na mteja anangoja zile dakika mbili tatu tu. Wapishi wawili wanaliweza hilo bila kutokwa jasho, ilimradi mtu aliamka akijua mchana utakuja.

Sahani yangu ilitua rafiki yangu akiwa ameshakata tamaa na viazi na anachokonoa samaki upande wa mgongo. Kwa macho ilipendeza: kidari cha kuku chenye mistari ya moto, wali uliokandamizwa kwenye bakuli ukapinduliwa ukawa mduara, majani ya saladi pembeni, kama vile ilivyokuwa kwenye picha. Nikaingiza uma. Ukaenda kidogo, ukakataa. Kidari ni nyama isiyo na mafuta mengi. Nyuzi zake zikipata moto hukaza na kukamua maji nje, na moto ukizidi zinakamua zaidi. Kuku lazima aive, hilo halina mjadala, na Shirika la Afya Duniani linataka chakula kifikie angalau nyuzi 70 ndani yake. Ila kidari kilichoiva asubuhi, kikawekwa, kikapashwa mchana, kimepikwa mara mbili, na safari ya pili hakina tena maji ya kutoa.

Paja lingevumilia. Paja lina tishu ngumu ambazo zikipikwa taratibu huyeyuka na kuifanya nyama iwe laini, na likikaa ndani ya mchuzi wake saa kadhaa halina neno. Jiko ambalo limekusudia kuku wake angoje lingechagua paja. Lakini kidari kinapiga picha vizuri zaidi, na menyu ile ilikuwa imetungwa na mpiga picha.

Wali sasa. Ukingoni ulikuwa wa kuunguza ulimi, katikati wa baridi. Hiyo ndiyo saini ya maikrowevu iliyoachiwa sahani bila mtu kukoroga: mawimbi yake hayapenyi mbali ndani ya chakula, katikati inabidi isubiri joto lisambae lenyewe, na jiko lenye haraka halisubiri. Huko katikati punje zilikuwa ngumu, unaihesabu kila moja kwa ulimi, kwa sababu wanga wa wali ukipoa hujipanga upya na kukaza. Wali wa jana nyumbani unaujua. Huu ulijaribu kujificha kwamba ni ndugu yake.

Hapa niwe mkali kidogo. Watu huuchukulia wali wa vuguvugu kama suala la ladha, wanajilazimisha. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayepatikana sana kwenye nafaka, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa upoe polepole kwenye joto la kawaida, mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana, na baadhi yao hutengeneza sumu isiyoharibika hata ukiupasha tena. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, cha moto kishikiliwe juu ya nyuzi 60, na cha kuhifadhi kiwekwe kwenye ubaridi, ikiwezekana chini ya nyuzi 5. Sikuugua, na sisemi wali ule ulikuwa na kasoro hiyo. Nasema mteja anayerudisha wali wa baridi si mtu wa maringo, na asitazamwe hivyo.

Nikamwita yule dada. Kulalamika nako kuna namna yake, na niliijua nikiwa upande wa pili wa dirisha. Malalamiko mengi yaliyotufikia jikoni yalikuwa ya hasira na hayakuwa na kitu ndani. "Meza ile wamesema chakula kibaya." Kibaya vipi? Chumvi? Moto? Kimekuja cha mtu mwingine? Mpishi aliyeelemewa ukimwambia "kibaya" anajitetea, anatukana kwa sauti ya chini, anaendelea. Ukimwambia "wali una baridi katikati," anajua mkono aupeleke wapi. Tena neno lije mapema. Sahani iliyorudishwa ikiwa imeliwa robo tatu haikuaminiwa na yeyote jikoni, hata kama mlaji alikuwa mkweli wa wakweli.

Kwa hiyo nilisema jambo moja, baada ya kijiko cha pili. La kuku nililiacha, maana kuku mkavu hatengenezeki. "Dada, samahani, huu wali katikati una baridi. Naomba niletewe mwingine."

"Pole sana, kaka." Alisema kwa dhati, akaichukua.

Sahani ikarudi upesi kuliko kitu chochote tulichokiona mchana ule. Ilikuwa ileile. Matundu ya uma wangu yalikuwa bado kwenye kidari, shimo la kijiko bado kwenye wali. Waliitumbukiza nzima kwenye maikrowevu, pamoja na saladi, na majani yalikuwa yamelainika yakajilaza juu ya kuku. Bamba la sahani lilikuwa la moto kiasi kwamba yule dada alilishika kwa kitambaa. Rafiki yangu alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka, ungefanya nini?

Tukiwa bado tunacheka, mhudumu mwingine aliinama meza ya jirani akauliza, "Mko sawa hapa?" Kulikuwa na mzee mmoja amesukuma sahani ikiwa nusu. Nilimwona akiitazama, kisha akajibu kwa tabasamu, "Tuko sawa kabisa, mwanangu, asante." Mwanauchumi Albert Hirschman alieleza mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika ana njia mbili kubwa: kuondoka, au kusema. Kuondoka hakumwaibishi mtu, ila hakumfundishi mwenye biashara chochote. Anaona tu viti vinapungua na hajui sababu. Kusema ndiko kunakofundisha, na ndiko kunakotuwia vigumu. Kwenye mgahawa wa mtaani ugumu unaongezeka, kwa sababu mwenye mgahawa utakutana naye kesho njiani, na nani anataka maneno na jirani kwa ajili ya wali? Basi tunasema "tuko sawa" na tunahama. Nadhani migahawa mingi ya mtaani hufa kwa heshima ya wateja wake.

Mchuzi nimeuchelewesha kwa makusudi.

Mchuzi ulikuwa mtamu. Usidhani ni utamu wa kumliwaza mtu aliyeudhika. Vitunguu vilikaangwa bila haraka mpaka ukali ukaisha, nyanya ziliivishwa mpaka uchachu ukatulia, chumvi iliwekwa na mtu anayeonja. Ulikuwa wa moto sawasawa kutoka juu hadi chini, kwa sababu sufuria lake lilikuwa jikoni muda wote. Mchuzi, supu, maharage: hivyo ndivyo vyakula vinavyojua kungoja, na vingine kungoja kunaviongezea ladha. Rafiki yangu alimwacha samaki, akaomba mkate, tukachovya pamoja kwenye bakuli moja kama watoto. Na hapo ndipo niliposikitika kwelikweli. Kama kila kitu kingekuwa kibovu, ningesema hawajui kupika, basi. Lakini mtu aliyepika mchuzi ule asingeshindwa na kidari cha kuku. Alinyimwa nafasi ya kukipika kwa wakati wake, kwa sababu alikuwa na kurasa nzima za kuhudumia.

Ikafuata chai, nayo ilikuwa nzuri, imeletwa upesi, na yule dada akatabasamu kwa mara ya kwanza, maana jiko lilikuwa limepumua. Rafiki yangu akaegemea kiti. "Lakini si pabaya," akasema. Nikamtazama. Mtu huyu nusu saa iliyopita alikuwa ameapa kutorudi.

Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha mwaka 1993 jaribio linaloeleza hali hiyo. Watu walitumbukiza mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine walivumilia sekunde 60 zilezile, zikafuatiwa na 30 zaidi ambamo maji yalipashwa kidogo kidogo hadi nyuzi 15. Walipoulizwa lipi warudie, wengi walichagua lile refu, lenye mateso zaidi, kwa sababu mwisho wake ulikuwa na nafuu. Chai ile ilikuwa nyuzi yetu ya 15. Mwenye mgahawa yeyote anayesoma haya aiangalie chai yake kwanza, ikiwa hana muda wa kuangalia kingine. Lakini asijidanganye kwamba imefuta wali.

Siku hizi nikiingia sehemu nisiyoijua mchana, simuulizi mhudumu kizuri ni kipi. Atajibu kila kitu ni kizuri. Amwambie nini mgeni? Namuuliza kipi kinatoka sana leo. Jibu lake ni habari kuhusu sufuria gani linamalizika na kujazwa upya, na chakula kinachotoka sana hakina muda wa kuchakaa. Natazama pia sahani zinazopita kuelekea meza nyingine. Ukiona kitu kimoja kimepita mara nyingi, kiagize, hata kama moyo wako ulikuwa kwingine. Kuhusu vitu vya kukaanga, nasikiliza: jiko likiwa karibu, mafuta yanasikika yakilia, na kama oda yako imepita na karai halijalia, basi jua kilichokuja kilikuwa kimeshakaangwa. Na naenda mapema. Kuna wanaosema ngoja msongamano upite ndipo uende. Meza utapata, ila kilichopikwa mapema kitakuwa kimekaa saa zote hizo, na wewe ndiye mwisho wa mstari wake.

La mwisho kabla ya bili, mhudumu asiadhibiwe kwa wali alioukuta. Tulimwachia yule dada chake kama kawaida. Rafiki yangu alimwachia zaidi ya kawaida, kwa ajili ya kicheko, alisema.

Kaunta tulimkuta mwenye mgahawa mwenyewe, mtu wa makamo, mikono ya shati imekunjwa. "Karibuni tena. Chakula mmekionaje?" Aliuliza akitusubiri tujibu, jambo ambalo si la kawaida, kwa hiyo nikamjibu. Nikaanza na mchuzi, kwa sababu ulistahili. Kisha wali. Kisha sahani iliyorudi na shimo la kijiko. Aliposikia la shimo alifumba macho kidogo. Nilitarajia aseme kwamba wateja wengine hawajalalamika. Hakusema hivyo, na kwa hilo peke yake nilimheshimu.

Nikajitia ujasiri, nikamwambia menyu ni ndefu mno kwa wapishi wawili. Hapo akakaza.

"Kila chakula unachokiona humo," akasema, "kuna mtu aliingia akakiulizia, akakikosa, akatoka. Wewe ushawahi kumtazama mtu anatoka na hujauza kitu siku nzima?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mimi nilikuwa msaidizi wa mpishi. Mwisho wa mwezi nililipwa, wateja wawepo wasiwepo. Sikuwahi kusimama mlangoni nikihesabu migongo. Kwetu jikoni menyu ndefu ilikuwa kero. Kwake ilikuwa orodha ya watu aliowapoteza, na alikuwa akijaribu kuwarudisha mmoja mmoja.

Rafiki yangu ndiye aliyesema, kwa upole wake ule wa mtu anayetaka meza ya dirishani: "Na wale wanaotoka wakiwa wameshakula, mzee, hao unawaona?"

Akanyamaza. Akachomoa karatasi za oda zilizokuwa zimetungwa kwenye msumari pembeni ya kaunta, akaanza kuzipekua huku anatuchapishia risiti. Kuku, kuku, samaki, supu, kuku, tambi, kuku. Hakuna aliyehitaji kuhesabu. Zaidi ya nusu ya zile picha hakuna mtu aliyeziulizia siku hiyo, na kila moja ilikuwa na kibakuli chake mahali fulani kwenye jokofu.

Menyu haijapungua hata ukurasa mmoja. Ila mlangoni wameweka ubao wenye vyakula vitatu vya mchana, mchuzi ule ukiwa wa kwanza, na mara zote nilizoagiza kutoka kwenye ubao nimekula vizuri. Rafiki yangu, ambaye sasa anakalia meza yake ya dirishani kama mwenye nyumba, anaendelea kuagiza kutoka kwenye picha. Anasema viazi bado vimelegea.